Nimeshatoka kule, mbona bado naomba ruhusa?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mi ni mwanamke wa miaka 33. Nimekulia kwenye familia iliyokuwa ndani ya kikundi cha imani chenye kiongozi mmoja, kila kitu kilikuwa na jibu lake, nani wa kuongea naye, uvae nini, usome nini, mpaka ndoto tulikuwa tunazisimulia asubuhi tutafsiriwe. Nilitoka nikiwa na miaka 26 na yale mambo siyaamini tena, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba siwezi kujiamini kwenye kitu chochote. Juzi nimenunua mapazia, nikauliza watu watano kuhusu rangi, nikanunua, nikayatundika, afu nikakaa kitandani nayaangalia moyo unadunda kama nimeiba. Kazini nikiona kosa kwenye ripoti na bosi kasema iko sawa, naanza kuhisi mi ndo sioni vizuri. Mama bado yuko kule, nikikosea kitu kidogo tu ananiambia 'si tulikwambia'. Sasa nimepata nafasi ya kazi sehemu nyingine, wanataka jibu Ijumaa, nimeandika faida na hasara kurasa nne na bado sijui. Je, nimeharibika? Na naomba uniambie tu, niikubali au niache?"

Marahaba dada. Naomba nianze na mapazia, ile ya kazi tutaifikia.

Umesema moyo ulidunda kama umeiba. Hebu lisome tena hilo neno. Hukuandika kwamba rangi imekuwa mbaya, hukuandika kwamba yametokea mafupi, umeandika kama umeiba. Mtu aliyekosea rangi anaguna, anajilaumu kidogo, kesho ameshazoea. Aliyeiba anasikiliza mlango. Na wewe ulikuwa umekaa kitandani kwako, kwenye chumba unacholipia mwenyewe, unasikiliza mlango. Kuchagua umechagua vizuri tu, mapazia si yako dirishani? Kilichokutoa jasho ni kuchagua bila mtu wa kukuambia haya, ruksa. Miaka saba umetoka ila mwili bado unasubiri hiyo ruksa, na watu watano uliowauliza rangi sidhani kama walikuwa washauri wa rangi, walikuwa wa kukupa ruksa kwa zamu.

Hiki kitu kinaanza mapema na kinaanza kidogo kidogo, ndo maana hata aliyekipitia haoni kilipoingilia. Chukulia mtoto wa miaka saba amekaa kwenye mkusanyiko pembeni ya mama yake, anamsikia kiongozi anasema jambo ambalo wiki iliyopita alilisema tofauti, na yeye kwa utoto wake anauliza kwa sauti, mama mbona siku ile alisema hivi. Hakuna anayempiga. Watu wananyamaza tu, na mkono wa mama unatua kwenye goti lake unalibana, huku mama anatabasamu na macho yako mbele. Imeisha hiyo. Mtoto hajakosea, alisikia vizuri kabisa, ila amejifunza kwamba akisikia vizuri mama anaingia matatani. Rudia hilo miaka kumi na kitu mpaka mtoto anajibana goti mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Samaki mkunje angali mbichi, si ndo tunavyosema? Na wakunjaji wenyewe wengi hata hawajui kama wanakunja, mama yako na yeye inawezekana kuna mkono ulishatua kwenye goti lake zamani.

Niweke jambo moja sawa kabla sijashambuliwa. Sisemi dini inaharibu watoto, wala sisemi ukali unaharibu watoto. Wapo waliolelewa kwenye imani nzito wakakua na misimamo yao safi, na wapo waliotoka kwenye nyumba zisizo na dini kabisa, baba ana siasa zake au ana nadharia yake ya jinsi dunia inavyoendeshwa na hakuna wa kumpinga, na watoto wamepondeka vilevile. Mwaka 1996 mtafiti Brian Barber alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huwa tunavichanganya, kumdhibiti mtoto anachofanya na kumdhibiti anachohisi na kufikiri. Urudi saa fulani, umalize kazi za shule, hizo ni sheria, mtoto anaweza kuzichukia mpaka basi na akabaki na akili yake. Ile ya pili ni ya kumnunia mtoto mpaka abadili mawazo, kumtia hatia, kumwambia wewe hujakasirika, wewe hujachoka, hayo siyo mawazo yako kuna kitu kimekuingia. Hii ya pili ndo inayokwenda na huzuni na wasiwasi kwa vijana, na ukiisoma polepole utaona kwanini, maana mtoto anaambiwa kuhusu kitu ambacho yeye peke yake ndo anakiona, halafu anaambiwa hakioni.

Halafu kuna maneno. Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, kwenye miaka ya 1950 aliwahoji watu waliotoka kwenye mafunzo ya kubadilishwa fikra China, na kwenye kazi aliyoitoa 1961 akaeleza kwamba sehemu kama hizo huwa zina semi fupi fupi ambazo kazi yake ni kumaliza mjadala kabla haujaanza. Kila nyumba inazo hizo semi lakini kwenu nadhani ndo zilikuwa chakula. Na siyo lazima iwe maneno ya ajabu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni methali nzuri tu, ina hekima yake, ila ikiwa kila mtoto akiuliza kwanini anarushiwa hiyo basi siyo methali tena, ni kufuli. (Cha kushangaza lugha hiyohiyo ina "akili ni nywele, kila mtu ana zake", ila hiyo sijawahi kusikia imefundishwa kwenye kikundi cha kiongozi mmoja.) Fikiria leo ukiwa mwenyewe unawaza jambo, ni sentensi gani huwa inakuja na kulizima? Iandike mahali. Mara nyingi sauti yake utaikuta siyo yako.

Sasa nije kwenye kujiamini kwenyewe, na hapa nataka tubishane kidogo. We unazungumza kana kwamba kujiamini ni hisia, yaani wengine wanayo na wewe umenyimwa. Mi nakuona ni daftari. Mtu tangu mdogo anaamua kitu, matokeo yanakuja, anaandika kichwani: hapa nilipatia, hapa nilikosea kwasababu niliharakisha, yule rafiki nilimshtukia mapema na kweli akaja kuniangusha. Akifika miaka 30 ana kurasa nyingi, na mtu akimuuliza una uhakika gani, hana uhakika wowote ila ana kumbukumbu kwamba mara nyingi akiona hivi huwa ni hivi, na akikosea huwa hafi. Kwenu daftari alikuwa nalo mtu mwingine. Jambo likienda vizuri inaandikwa ni kwasababu ulitii, likienda vibaya inaandikwa ni kwasababu ulifuata akili yako. Ona hapo mchezo ulivyo, haiwezekani kupatia kwa jina lako hata siku moja! Ukifaulu mtihani ni maombi ya kikundi, ukifeli ni wewe. Umefika miaka 26 na kwenye jina lako kuna safu moja tu imejaa, ya makosa, na mama mpaka leo akisema "si tulikwambia" anaendelea kujaza safu ileile. Ungejiaminije kwa kumbukumbu kama hizo, hata mimi nisingejiamini.

Ila kuna ukurasa mmoja umeniandikia wewe mwenyewe bila kuushtukia. Ulitoka. Siku ile uliuliza watu watano? Najua hapana, maana ungemuuliza yeyote kati ya watu uliokuwa nao karibu usingetoka. Na watu hawatokagi kwa siku moja jamani, wanatoka kwa miaka, kitu kimoja hakikai sawa unakiweka pembeni, kingine unakiweka pembeni, unajiambia labda mi ndo sielewi, mpaka rundo linakuwa kubwa kuliko ukuta. Nani alikuwa anaviona hivyo vitu na kuviweka pembeni? Uliona, chini ya presha ambayo wengi wanaokushauri rangi ya mapazia hawajawahi kuiona maishani mwao.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi waliotoka sehemu kama hizo huwa wanalipita. Kule ndani ulikuwa na uhakika. Tena mtamu, nasikia kwa wengi, ule wa kulala usiku unajua dunia yote ilivyo. Ukatoka, ukaacha mafundisho, lakini ukabaki na kipimo, kwamba jambo sahihi ni lile linalokuja na ule utulivu. Kwahiyo kila uamuzi unaupima kwa hicho kipimo unaona pungufu, pungufu, pungufu. Sasa niambie, wakati ule una uhakika asilimia mia ulikuwa sahihi? We mwenyewe umesema huyaamini tena. Ulikuwa na uhakika wote na ulikuwa umekosea, na juzi hukuwa na uhakika hata kidogo na mapazia hujaniambia kama ni mabaya. Hicho kipimo kimeharibika dada, ndo kitu cha mwisho cha kwao ulichobeba na bado unakitumia kila siku, na kurasa nne ulizoandika ni kujaribu kuupata tena ule uhakika wa kule kwa njia ya mahesabu.

Kurasa nne hazitaleta, na sababu iko kwenye ubongo. Antonio Damasio, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, alikuwa na wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo inayounganisha hisia na maamuzi. Akili zao nzima, vipimo wanafaulu. Mmoja aliulizwa achague kati ya tarehe mbili za kurudi kliniki, akachukua karibu nusu saa analinganisha, hali ya hewa, shughuli nyingine, hiki na kile, hafiki popote, mpaka daktari akamwambia njoo ile ya pili, naye akasema sawa, akaondoka. Maana yake kufikiri peke yake hakufungi jambo, kuna kitu cha mwilini kinachosogeza mzani, kile cha hapa panapendeza, hapa tumbo limekaza. Ubongo wako hauna jeraha, ila umelelewa kwenye mafundisho kwamba moyo unadanganya na mwili ni adui, basi ukajifunza kuukatia waya. Ukibaki na mahesabu matupu utaandika hata kurasa arobaini.

Shida utaniambia, mwili wenyewe ndo unaonidundisha moyo kwa mapazia, niusikilize vipi? Swali zuri na ndo kazi yenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mshtuko wa ung'ongo na wa nyoka unafanana kabisa kifuani. Kuna namna mbili huwa nawaelekeza watu kuvitofautisha. Ya kwanza, sikiliza ile hofu inaongea kuhusu nini. Tahadhari ya kweli inaongea kuhusu kitu: huu mkataba hauna tarehe, huyu mtu anajibu maswali ambayo sijamuuliza. Ile ya zamani inaongea kuhusu wewe na macho ya watu: utajuta, nani kakwambia, unajiona nani. Ya pili ni hii, jifanye umeamua kinyume, ukae nayo dakika kadhaa kana kwamba ndo imeshakuwa hivyo. Kama hofu inalia kwa nguvu ileile pande zote mbili basi haihusiani na jambo lililo mbele yako, inalia kwasababu umeamua tu, ingelia hata ungechagua mapazia ya kiongozi.

Na ikilia usipigane nayo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, wakimfikiria wapige kengele, na kengele ikawa inalia tu, halafu waliporuhusiwa kumfikiria akawajia kwa wingi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. We umefundishwa kukataza mawazo tangu utotoni, ukihamishia ufundi huohuo kwenye kukataza hofu utaitengenezea nyumba. Iache idunde mapazia yakiwepo. Inachukua muda, siku nyingine itarudi bila sababu, ni kawaida, ubongo haufuti somo la zamani, unaandika jingine juu yake.

Lile la kazini, la bosi na ripoti, naomba usilihesabu kama ugonjwa wako. Mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani, kazi yake ya 1951, aliwaweka watu wazima wa kawaida kwenye chumba wanaulizwa mstari upi unalingana na upi, jibu liko wazi kiasi kwamba mtu akiwa peke yake karibu hakosei. Wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kusema jibu la uongo. Karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo wa kundi, na watu kama robo tatu walikubali angalau mara moja. Hawa walikuwa chumbani muda mfupi tu! Wewe umekaa miaka 26. Lakini kilichonivutia mimi ni sehemu nyingine ya majaribio hayo, pale alipoweka mtu mmoja tu anayesema ukweli anaouona, kufuata kundi kukashuka mpaka karibu asilimia tano. Mtu mmoja. Kwahiyo kwenye wale watu wako watano sikwambii uwaache wote, tafuta mmoja ambaye ukimuuliza hakwambii ufanye nini, anakuuliza we umeona nini, halafu anakuambia na yeye kaona nini hata kama hamfanani. Kwenye ripoti andika kwanza ulichokiona, ukurasa namba fulani, jumla inatakiwa kuwa kadhaa, ndipo usikilize bosi. Kosa lililoandikwa halifutiki kwa kikohozi cha mkubwa.

Nina mtu mmoja niliwahi kukaa naye, simtaji hata kwa alama, alitoka sehemu inayofanana na ya kwako. Siku ya kwanza aliingia ofisini kwangu kuna viti viwili vinavyofanana kabisa, nikamwambia karibu kaa popote. Akasimama. Kashika mkoba kwa mikono miwili, anaviangalia, afu akaniuliza, "we huwa unapenda wageni wakae wapi?" Nikamwambia sina ninapopenda. Nadhani ilipita dakika nzima, mi mwenyewe nilianza kuona aibu kwa niaba yake nikakaribia kumuonyesha kiti, nashukuru nilijizuia. Akakaa cha dirishani. Baada ya kama nusu saa tukiwa tunaongea mambo mengine kabisa akakatisha, akasema hapa jua linanipiga, akahama. Hatukusema chochote ila wote tuliona. Alichagua, ikawa siyo, akahama, na hakuna aliyemwambia si tulikwambia.

Ndo dawa yenyewe hiyo, na inachosha kwa udogo wake. Kila siku vitu viwili vitatu visivyo na madhara uamue bila kumuuliza mtu, njia ya kupita, nguo, nani umpigie, na kabla matokeo hayajaja uandike mstari mmoja, nimechagua hiki kwasababu hii. Baadae rudi uandike ilikuaje, ikiwa pamoja na zile ulizopatia, maana hizo ndo utataka kuziruka. Usitafute kujisikia vizuri, jaza daftari tu.

Ila jihadhari na kitu kimoja, watu wanaotoka mikononi mwa mtu mwenye majibu yote huwa wananasa haraka kwa mwingine mwenye majibu yote, awe mpenzi, kocha wa maisha, mtu wa video za mtandaoni, au mshauri wa saikolojia kama mimi. Ukienda kwa mshauri, na nakushauri uende hasa kama hulali, unapata hofu ya ghafla inayokubana pumzi, au unawaza kujidhuru, hapo usisubiri hata kesho, basi mpinge kwenye jambo dogo mwezi wa kwanza uone anavyopokea. Akikuambia unapinga kwasababu bado hujapona, chukua mkoba wako.

Umeuliza kama umeharibika. Hapana. Kuna jina linalotumika sana siku hizi, kiwewe cha kidini, mwanasaikolojia Marlene Winell alilipendekeza 2011, linawasaidia watu kujieleza ila kwenye miongozo ya kitabibu siyo ugonjwa rasmi. Ule mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, unataja kuvurugika kwa utambulisho wa mtu aliyepitia shinikizo kali la muda mrefu la kubadilishwa fikra, kwahiyo hata madaktari wanajua kitu kama hiki kipo. Kipo, na kina sababu zinazoeleweka.

Mama. Hutambadilisha kwa hoja na usijaribu, akisema si tulikwambia mwambie sawa mama, mpe habari nyingine, mpende. Lakini maamuzi ambayo bado mabichi usimpelekee, mpelekee yakishaiva.

Na ile kazi. Umeniomba nikuambie tu uikubali au uiache, na umeniandikia kila kitu kuihusu isipokuwa unachokitaka. Nimesoma mara tatu kutafuta. Jibu ninalo kichwani kwangu, sikupi, ningekuwa mtu wa sita wa mapazia. Leo usiku kabla hujaongea na mtu chukua karatasi ndogo, siyo kurasa nne, andika upande ulioegemea hata kama ni kwa asilimia hamsini na moja, na sababu mbili, na tarehe. Fanya lile jaribio la kinyume. Ikunje uweke mahali. Ijumaa wape wao jibu kwanza, ndipo uniandikie mimi.